Ruhusa ya Kujaribu: Kazi ya Saa Chache na Mafao ya Ulemavu Marekani

Mhadhara kwa jumuiya ya wazungumzaji wa Kiswahili, Kentucky, 2025

Nawaona ndugu wa Uvira na Bukavu, nawaona wa Kigoma, Mombasa na Bujumbura, na wengi wenu najua mlipita kambi za Nyarugusu au Kakuma kabla ya kufika hapa. Lugha moja ndiyo iliyotukutanisha, na leo nataka lugha hiyo ifanye kazi ambayo imechelewa kuifanya.

Nimeombwa nizungumzie jambo linalosemwa kwa sauti ya chini majumbani mwetu. Je, mtu anayepokea pesa za ulemavu anaweza kufanya kazi ya saa chache, ile tunayoiita pati taimu, bila kunyang'anywa mafao yake? Kwa miaka mingi nimekuwa mkalimani, baadaye mshauri wa mafao, na swali hili nimeulizwa jikoni, kwenye maegesho ya magari, hata msibani. Kusudi langu ni moja: mtoke hapa mkijua kwamba sheria ya Marekani inaruhusu, na kwamba mara nyingi kinachowaangusha watu wetu ni kazi isiyoripotiwa. Kazi yenyewe haina kosa.

Takwimu nitakazotaja ni za 2025. Nyingi hubadilika kila Januari, kwa hiyo mnapoziandika, andikeni na mwaka wake.

Hoja ya kwanza: Ulemavu wa sheria si ulemavu tunaouona kwa macho

Naanza na neno, maana hapa ndipo hofu inapozaliwa. Kwetu sisi mlemavu ni mtu tunayemtambua kwa kumtazama: aliyekatwa mguu, asiyeona, asiyesikia. Lugha yetu ya zamani ilimtia mtu huyo hata katika ngeli ya vitu, kipofu, kiziwi, kiwete, na nashukuru kwamba leo tunasema mtu mwenye ulemavu, utu wake ukitangulia.

Hifadhi ya Jamii ya hapa, ambayo sote tunaiita Soshali, haimtazami mtu hivyo. Swali lake ni hili: je, maradhi au jeraha lako, litakalodumu angalau miezi 12 au litakalokuondoa duniani, linakuzuia kufanya kazi ya kipato cha kutosha? Mwenye mguu mmoja anayepata mshahara mzuri ofisini hahesabiwi kuwa ana ulemavu kwa sheria hii. Mwenye moyo mbovu, aliyevaa suti yake vizuri na kuja hapa kwa miguu yake, anaweza kuhesabiwa. Ndiyo maana majirani husema, "Mbona anatembea?" Naomba sana swali hilo tuliache. Linawaumiza watu ambao tayari wanaumwa, na linawafanya wajifungie ndani ili wasionekane wakibeba hata mfuko wa unga.

Kutokana na maana hiyo ya ulemavu, wengi wamejihukumu wenyewe: nikionekana kazini, basi nimekiri kwamba siumwi. Sivyo. Sheria haikusema usifanye kazi yoyote. Imeweka kiwango. Mwaka 2025 kiwango hicho kilikuwa dola 1,620 kwa mwezi kabla ya makato, na kwa mtu asiyeona dola 2,700. Anayefanya kazi akapata chini ya hapo, sheria inamtambua kuwa mtu mwenye ulemavu anayejitahidi kadiri mwili unavyomruhusu. Hajamdanganya mtu.

Tena kuna kinga ambayo wachache wanaijua. Mtu ambaye amepokea bima ya ulemavu kwa miezi 24 au zaidi, kule kwenda kazini peke yake hakuwezi kuwa sababu ya kuitwa apimwe upya na madaktari. Uchunguzi wa kawaida wa kila baada ya miaka kadhaa utaendelea kama ulivyopangwa, lakini hauitwi kwa sababu tu umevaa sare ya kazi.

Hoja ya pili: Jua unakula katika kapu lipi

Mtu akinijia akaniambia, "Napokea pesa za disabiliti," simjibu kitu mpaka niione barua yake ya Soshali. Kwa nini? Kwa sababu kuna makapu mawili, na kanuni za kapu moja zinaweza kukuumiza ukizitumia kwenye lingine.

Kapu la kwanza ni SSDI, bima ya ulemavu. Hili limejazwa na jasho la wafanyakazi wenyewe. Tazameni hati zenu za mshahara. Kuna makato ya FICA, asilimia 6.2 kwa ajili ya Soshali, na mwajiri wako anaweka 6.2 nyingine juu yake. Sehemu ya pesa hiyo ndiyo bima ya ulemavu. Nalisema hili polepole kwa sababu wengi wetu tumetoka mahali ambapo bima ya namna hii ni ya watumishi wachache wenye ajira rasmi, kwa hiyo tukiipata tunaipokea kama sadaka, kwa aibu. Mama uliyefanya kazi kiwanda cha nyama miaka kumi na moja mpaka bega likakataa, ile si sadaka. Uliikatia bima kila wiki.

Kapu la pili ni SSI. Hili ni la mtu mwenye ulemavu, au mzee wa miaka 65 na zaidi, mwenye kipato kidogo na mali kidogo, hata kama hajawahi kufanya kazi nchini humu. Linatoka kwenye kodi za jumla za serikali. Kiwango cha juu cha serikali kuu kwa mtu mmoja mwaka 2025 kilikuwa dola 967 kwa mwezi.

Makapu haya hayakufumwa siku moja. Rais Franklin Roosevelt aliposaini Sheria ya Hifadhi ya Jamii tarehe 14 Agosti 1935, ulemavu haukuwamo. Bima ya ulemavu iliingia 1956 wakati wa Eisenhower, na mwanzoni wafanyakazi waliolipwa walikuwa wa miaka 50 hadi 64 tu. Kijana aliyevunjika mgongo aliachwa nje mpaka 1960, sharti la umri lilipoondolewa. SSI ilitungwa 1972 wakati wa Nixon, ikaanza kulipa Januari 1974. Kila kapu lilifumwa na watu wengine, kwa wasiwasi mwingine. Ndiyo maana kanuni zake hazifanani, na wapo wanaokula katika makapu yote mawili kwa wakati mmoja. Hao wanapaswa kufuata kanuni zote mbili.

(Kuna ndugu pale nyuma anauliza juu ya wakimbizi. Nitajibu kwa kifupi. Sheria ya 1996, kama ilivyorekebishwa 1997, kwa kawaida inampa mkimbizi SSI kwa muda usiozidi miaka saba, isipokuwa awe raia. Hesabuni tarehe zenu za kuingia. Ombi la uraia linaanza baada ya miaka mitano, na mtu ambaye maradhi yamemzuia kujifunza Kiingereza anaweza kuomba asamehewe mtihani kwa fomu ya N-648, inayojazwa na daktari. Nimewaona wazee wakikatiwa msaada mwaka wa nane kwa sababu hakuna mtoto hata mmoja nyumbani aliyekumbuka tarehe.)

Hoja ya tatu: Bima ina ruhusa ya kujaribu

Hapa ndipo pana habari njema, na nitakaa kidogo.

Anayepokea SSDI amepewa na sheria kipindi cha kujaribu kazi: miezi tisa. Ndani ya miezi hiyo unaweza kupata mshahara wowote ule, hata dola 4,000 kwa mwezi, na hundi yako ya ulemavu inakuja kamili, mradi umeripoti kazi hiyo na bado una maradhi yako. Miezi hiyo si lazima ifuatane. Sheria inatazama miezi 60 iliyopita na kuhesabu ile tu ambayo ulipata zaidi ya dola 1,160, kwa kiwango cha 2025. Mwezi uliopata dola 900 hauhesabiwi kabisa. Kwa hiyo yuko mtu anayeweza kufanya kazi ya jikoni shuleni saa chache, akapata dola 900 juu ya bima yake ya dola 1,300, jumla dola 2,200, asiguse hata mwezi mmoja katika ile tisa. Na anayejiajiri, kama dada zetu wanaosuka nywele au kupika kwa ajili ya sherehe, anahesabiwa pia kwa saa: zikizidi 80 kwa mwezi, mwezi huo umehesabiwa.

Miezi tisa ikiisha, kuna miezi 36 mingine ya usalama. Hapo ndipo kile kiwango cha dola 1,620 kinapoanza kutazamwa. Mwezi uliopata chini yake, hundi inakuja. Mwezi uliopata zaidi, hundi haiji, lakini mara ya kwanza ukivuka unalipwa mwezi ule na miwili inayofuata ili ujipange. Ukipunguza saa mwezi wa sita kwa sababu mgongo umekataa, hundi inarudi bila kuomba upya. Mzee mmoja aliniuliza, "Kwa hiyo ni kama bomba, si kama ukuta?" Ndiyo, mzee wangu, ndani ya miezi hiyo 36 ni bomba: linafungwa na kufunguliwa.

Baada ya miezi 36, bomba linakuwa ukuta, na hapo nawaomba muwe waangalifu mno. Ukivuka kiwango wakati huo, haki yako inakoma. Hata hivyo, ndani ya miaka mitano tangu ikome, maradhi yaleyale yakikuzuia tena, unaomba kurudishwa haraka, na wanapokuchunguza unaweza kulipwa kwa muda hadi miezi sita. Huhitaji kurudi nyuma kabisa kuanza lile ombi refu lililokutoa machozi mara ya kwanza. Bima ya afya ya Medicare nayo haikatwi siku hundi inapokatwa. Inaendelea angalau miezi 93 baada ya kipindi cha kujaribu, yaani zaidi ya miaka saba. Kwa mtu wa figo au sukari, hilo ni kubwa kuliko hundi yenyewe.

Jambo la mwisho katika hoja hii ni gharama. Pesa unayotoa mfukoni mwako ili maradhi yako yakuruhusu kufanya kazi, kama dawa, matengenezo ya kiti cha magurudumu, au gari maalumu kwa sababu huwezi kupanda basi, hutolewa kwenye mshahara kabla ya kuulinganisha na kiwango. Anayepata dola 1,750 na kulipa dola 200 za gari la namna hiyo, mbele ya sheria amepata 1,550. Yuko chini ya 1,620. Lakini bila risiti, dola 200 hizo hazipo.

Hoja ya nne: SSI ina hesabu yake, na ina kibaba chenye kifuniko

SSI haina miezi tisa. Yenyewe inapunguza kidogokidogo. Chukueni kalamu, tufanye hesabu pamoja kama nilivyoifanya na kijana mmoja juu ya kitambaa cha meza cha mama yake, yeye akiandika kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia hausikii.

Umepata dola 485 kwa mwezi, kabla ya makato. Toa 20 za kwanza, toa 65 za mshahara, zinabaki 400. Gawa kwa mbili, 200. Hiyo 200 ndiyo inayopunguzwa kwenye SSI. 967 toa 200 ni 767. Jumlisha 767 na mshahara wako wa 485: una dola 1,252. Bila kazi ulikuwa na 967. Yule kijana alirudia hesabu ile mara tatu. Mama yake alikuwa amemkataza kazi ya dukani kwa miaka miwili, akiamini kwamba dola moja ya mshahara inafuta SSI yote. Kwa kweli SSI haifikii sifuri mpaka mshahara ukaribie dola 2,019 kwa viwango vya 2025, na hata hapo, katika hali nyingi, kadi ya bima ya afya ya Medicaid inabaki kwa anayeihitaji ili aendelee kufanya kazi. Kama ni mwanafunzi wa chini ya miaka 22, mambo ni mepesi zaidi: mwaka 2025 dola 2,350 za kwanza za mshahara kila mwezi hazikuhesabiwa, mpaka zifike 9,460 kwa mwaka. Wazazi, msiwazuie watoto kazi za likizo.

Sasa nigeukie lisilonipendeza, na nitalisema waziwazi. Zile dola 20 na 65 ziliandikwa 1972 na hazijabadilishwa hata mara moja. Mwaka ule kima cha chini cha mshahara kilikuwa dola 1.60 kwa saa, kwa hiyo mtu angefanya kazi kama saa 40 kwa mwezi kabla SSI haijaguswa kwa ajili ya mshahara. Leo kima cha chini cha serikali kuu ni dola 7.25. Dola 65 ni saa ambazo hazifiki 9. Sheria iliyokusudia kumruhusu mtu afanye kazi wiki nzima katika mwezi imekuwa ikimruhusu siku moja. Hakuna aliyepiga kura kuipunguza. Imeachwa tu ikayeyuka. Nasema si haki.

Na kuna kikomo cha mali: dola 2,000 kwa mtu mmoja, 3,000 kwa mume na mke, na haijasogea tangu 1989. Sisi tulilelewa kwa haba na haba hujaza kibaba. SSI inasema kibaba kikijaa, utoke. Kwa hiyo nizungumze nanyi juu ya mchezo, upatu, likelemba, chama, kila mtu aite kwa jina la kwao. Soshali hutazama mali yako mwanzo wa kila mwezi. Zamu yako ikifika tarehe 28 ukapokea dola 3,000, zikalala benki mpaka tarehe 1, umevuka kikomo na SSI ya mwezi huo haipo. Kiwanja cha Kigoma chenye jina lako nacho ni mali. Na usidhani dawa ni kumgawia mdogo wako pesa zile ili zisionekane. Kugawa mali ili ubaki chini ya kikomo kunaweza kukunyima SSI hadi miezi 36.

Liko jambo la halali. Tangu sheria ya 2014 kuna akaunti za ABLE. Ndani yake mtu mwenye ulemavu anaweza kuweka mshahara wake, na akiba ya hadi dola 100,000 haihesabiwi na SSI. Pesa hiyo inatumika kwa nyumba, usafiri, masomo, matibabu. Hadi mwisho wa 2025 zilikuwa kwa yule ambaye ulemavu wake ulianza kabla ya kufika miaka 26, lakini kuanzia Januari 2026 umri huo umepanda hadi 46. Akina baba mlioumia kazini mkiwa na miaka thelathini na kitu, mlango huo unawafungukia.

Hoja ya tano: Mali bila daftari hupotea bila habari

Hii ndiyo hoja niliyotaka kuifikia tangu mwanzo.

Mama mmoja, sitamtaja wala mji wake, aliniita nyumbani kwake jioni moja. Aliweka mezani bati la biskuti la rangi ya bluu, lile ambalo kila nyumba yetu inalo na halina biskuti. Ndani mlikuwa na barua kumi na mbili za Soshali zilizofungwa kwa mpira wa pesa, saba hazijafunguliwa. Alikuwa anapokea bima ya ulemavu na anasafisha ofisi jioni. Barua ya juu ilisema amelipwa zaidi ya alichostahili, arudishe zaidi ya dola 11,000. Alinishika mkono akaniuliza kama atafungwa.

Nilimuuliza kama aliripoti kazi. Akanijibu kwa uhakika kabisa, "Wananikata kodi kila wiki mbili. Soshali wanajua." Ndugu zangu, sentensi hiyo nimeisikia kwa Kiswahili cha Bara, cha Kongo na cha Pwani, na kila mara imeishia kwenye deni. Makato ya mshahara si ripoti. Mwajiri hupeleka jumla ya mishahara yako mwaka ukiisha. Mpaka mtu ailinganishe na hundi zako, umekwisha kulipwa mwaka mzima, na kila hundi uliyokula imekuwa deni.

Tulikaa mpaka saa nne usiku tukifungua barua na kuzipanga kwa tarehe. Miezi tisa ya kujaribu ilikuwa yake kihalali. Baada ya hapo mshahara ulivuka kiwango kila mwezi, lakini kwa dola chache. Na chini kabisa ya bati, chini ya barua zile, nikakuta risiti za gari maalumu lililompeleka kazini, karatasi nyembamba zilizofifia wino. Alizihifadhi kwa sababu mama yake alimfundisha kuhifadhi kila karatasi yenye namba. Tulikata rufaa tukaziambatanisha. Miezi mingi ikashuka chini ya kiwango, na deni likapungua kupita nusu. Lililobaki analilipa dola 50 kwa mwezi. Bado anasafisha ofisi. Siku hizi anaripoti.

Basi fanyeni hivi. Ukianza kazi, ukiacha, saa zikibadilika, mshahara ukipanda, ripoti mara moja. Wa SSI, mshahara wa mwezi uripotiwe ndani ya siku 10 za mwanzo wa mwezi unaofuata. Unaweza kwenda ofisini, kupiga simu 1-800-772-1213, au kutumia akaunti yako ya intaneti. Vyovyote utakavyoripoti, dai risiti. Sheria ya 2004 inawataka wakupe. Andika tarehe na jina la uliyezungumza naye kwenye daftari moja tu, lisilotumiwa kwa kitu kingine.

Barua ya deni ikija, ifungueni siku ileile. Kama deni si la kweli, una siku 60 za kukata rufaa. Kama ni la kweli lakini kosa si lako na huna uwezo wa kulipa, omba msamaha wa deni. Ukiomba kimojawapo ndani ya siku 30, makato hayaanzi mpaka uamuzi utoke. Barua ambayo haikufunguliwa haisimamishi siku hata moja.

Na msimpeleke mtoto kutafsiri. Mkalimani wa Soshali ni bure, ombeni wa Kiswahili, na Mkongo aseme anataka anayeelewa Kiswahili cha Kongo. Niliwahi kuwa kwenye foleni nikamsikia mvulana wa miaka kama kumi na moja akimwambia mtumishi dirishani ugonjwa wa mama yake. Alipofika kwenye neno la mfuko wa uzazi alinyamaza, akatazama viatu vyake, akasema, "Tumbo linamuuma." Faili lile limeandikwa tumbo linamuuma.

Hoja ya sita, fupi: Msijaribu peke yenu

Mwaka 1999 Rais Clinton alisaini sheria iliyoanzisha Tiketi ya Kazi, kwa wanaopokea mafao ya ulemavu wenye miaka 18 hadi 64. Tiketi ni bure na ni hiari. Kwayo unapata mtu wa kukutafutia kazi inayokufaa, na ukiwa unaitumia na kupiga hatua zilizopangwa, uchunguzi wa kawaida wa madaktari unasimama kwa muda. Wapo pia washauri wanaolipwa na serikali kukufanyia hesabu kama niliyoifanya leo kwa barua zako mwenyewe kabla hujakubali kazi. Waombeni wawaandikie, msitegemee maneno ya mdomo, hata yangu.

Kwa mwajiri napo mna haki. Sheria ya 1990 ya Wamarekani wenye ulemavu inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi akupangie kazi kwa namna mwili wako unavyoweza, ilimradi haimwelemei kupita kiasi: kiti badala ya kusimama, mapumziko ya kupima sukari, zamu fupi. Lazima uombe. Hasomi moyo wako.

Wazee wangu, kabla ya kumaliza niseme kwa nini nimelibeba jambo hili hivi. Nimeingia katika nyumba ambamo mtu wa miaka arobaini anakaa sebuleni na mapazia yamefungwa, runinga inasema peke yake, na mkewe anatoka zamu ya pili akiwa hoi. Mtu huyo angeweza kukaa saa nne kwa siku dukani, akazungumza na watu, akarudi na kitu mkononi. Hajafungiwa na daktari. Kilichomfungia ni habari aliyoipata nusu, kutoka kwa mtu aliyeipata nusu.

Mwenyekiti ameniruhusu niseme yanayofuata. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, kuanzia mwezi ujao, ukumbi huu utakuwa wazi kuanzia saa tatu asubuhi. Kutakuwa na meza mbili, moja ya SSDI na moja ya SSI, na wakalimani wawili, mmoja wa Kiswahili cha Kongo. Januari tutaandika upya viwango vyote ukutani kwa namba kubwa, na wale ambao ABLE inawafungukia tutajaza maombi yao siku hiyohiyo. Tutaandika pia barua kwa wabunge wetu juu ya zile dola 2,000 za 1989 na zile 65 za 1972. Atakayeweza kueleza kwa mdomo tutamwandikia, kila mmoja kwa jina lake na hesabu yake.

Njooni na hati zenu za mshahara za miezi mitatu, risiti za dawa na za gari, na barua zote za Soshali, hasa ambazo hamjazifungua. Msizipange. Leteni bati zima kama lilivyo, tutalifungua pamoja.

Sasa nayapokea maswali, tukianza na mama wa pale nyuma aliyenyoosha mkono tangu hoja ya pili.